Picha ya Kitu cha Kale: Namna ya Kuipiga, Kuitunza na Kuwaonyesha Wengine

Usiku wa tarehe 2 Septemba 2018 moto uliteketeza Makumbusho ya Taifa ya Brazil mjini Rio de Janeiro. Humo mlikuwa na vitu vipatavyo milioni 20, na sehemu kubwa iliungua. Mara baada ya hapo wanafunzi wa fani ya makumbusho katika chuo kikuu kimoja cha jiji hilo walitoa wito: yeyote aliyewahi kutembelea makumbusho yale na kupiga picha, azitume. Picha zikamiminika kwa maelfu. Picha za matembezi ya Jumapili, zilizokuwa zimelala kwenye simu, zikawa sehemu ya kumbukumbu ya vitu ambavyo havipo tena.

Naanza na tukio hilo kwa sababu ndilo linalonifanya niwahimize wapenzi wa historia wenzangu kupiga picha kwa utaratibu. Picha zetu nyingi zinathibitisha tu kwamba tulifika. Picha inayomfaa mwenzako ni ile ambayo mtu asiyefika anaweza kuitazama akajifunza: kitu ni kipi, kina ukubwa gani, kimetengenezwa kwa kitu gani, kimeandikwa nini, kinatunzwa wapi. Kamera ya bei si lazima. Simu inatosha kwa karibu yote yaliyomo humu.

1. Kabla hujatoka

Soma kanuni za mahali unapokwenda. Makumbusho mengi huruhusu picha za matumizi binafsi lakini hukataza fleshi, stendi ya miguu mitatu na fimbo ya selfi. Mengine huruhusu kila ukumbi isipokuwa mmoja: Neues Museum ya Berlin hairuhusu picha katika chumba chenye sanamu ya malkia Nefertiti, ingawa kwingine unaweza kupiga. Maonyesho ya muda, yenye vitu vilivyoazimwa kutoka nchi nyingine, kwa kawaida huwa na masharti makali zaidi. Tangazo lisipoeleweka, muulize mlinzi wa ukumbi. Yeye hushinda na vitu vile kutwa nzima, kwa hiyo anajua pia jua huingia dirishani saa ngapi na ukumbi huwa mtupu wakati gani.

Beba kitambaa laini cha kufutia lenzi, rula fupi, daftari, penseli na pawabenki. Nasema penseli kwa sababu vyumba vingi vya kusomea nyaraka za kale haviruhusu kalamu ya wino. Kisha hakikisha tarehe na saa ya kamera ni sahihi, hasa ukivuka mipaka ya kanda za saa. Kamera yenye saa isiyo sahihi hupachika tarehe ya uongo kwenye kila picha, na kosa hilo huvumbuliwa miaka mingi baadaye, wakati hakuna anayekumbuka safari ilikuwa lini.

2. Ndani ya makumbusho

Piga kibao cha maelezo kwanza, kitu baadaye. Kila mara, kwa mpangilio huohuo, ili ukifungua picha nyumbani ujue kwamba kila kibao kinahusu picha zinazokifuata. Hakikisha namba ya usajili inasomeka. Mara nyingi ni ile ndogo iliyo chini kabisa. Maelezo ya kibao hubadilika makumbusho yanapopanga upya kumbi zake, lakini namba hiyo ndiyo itakayomwezesha mtu kukitafuta kitu chenyewe katika orodha ya makumbusho.

Fleshi izime hata pale isipokatazwa. Nguo, karatasi na rangi za kale hufifia kwa mwanga, na uharibifu huo haurudi nyuma. Na hata kwa jiwe, ambalo haliumizwi kwa namna hiyo, fleshi hufuta vivuli vyote na kuifanya sanamu ionekane bapa.

Kioo cha kabati ndicho kikwazo kikubwa. Njia ya kwanza ni kusogeza lenzi hadi ikaribie kugusa kioo, huku ukiizungushia kiganja au kitambaa cheusi kuziba mwanga wa pembeni. Usikiegemee. Vaa nguo ya rangi nyeusi au nyingine iliyokolea siku hiyo, kwa sababu shati jeupe ndilo linaloonekana kama mzuka mbele ya vyungu. Wenye kamera za kubadilisha lenzi wanaweza kutumia filta ya kupunguza mng'ao. Filta hiyo hufanya kazi vizuri zaidi ukikitazama kioo kwa upande, takribani nyuzi 55 kutoka mstari wa kukitazama uso kwa uso. Ukisimama mbele yake moja kwa moja haikusaidii chochote, na wengi huitupia lawama bure.

Kuna vitu ambavyo kamera hukosea yenyewe. Chukua nguzo ya sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli ya kale, iliyoko makumbusho ya Louvre, Paris: jiwe jeusi la basalti, urefu wake mita 2.25, lililochimbuliwa Susa, Iran ya leo, mwaka 1901 na 1902. Simu ikiona weusi mwingi hudhani kuna giza, inaongeza mwangaza, na jiwe linatoka la kijivu huku mchongo wa juu, mfalme akiwa amesimama mbele ya mungu wa jua, ukipotea kwenye weupe. Gusa skrini mahali penye mchongo, kisha telezesha kidole kushusha mwangaza mpaka weusi urudi kuwa weusi. Kwa sanamu za marumaru nyeupe fanya kinyume chake.

Baada ya picha ya kitu kizima, nenda pande nyingine. Nyuma ya sanamu, kitako cha chungu, ukingo wa sarafu: huko ndiko fundi aliacha alama za zana zake, na huko ndiko picha za wageni hazifiki. Kisha sogea ukapige sehemu ndogondogo, kila picha ikiingiliana na ya jirani yake kwa theluthi moja, ili mtu aweze kufuata mstari wa maandishi bila kupotea. Sogea kwa miguu, usivute kwa zumu. Simu nyingi za sasa zikivuta mbali hujaza zenyewe kile zisichokiona, na kwenye maandishi ya kikabari (alama za umbo la kabari) au hieroglifi (maandishi ya picha ya Misri ya kale) unaweza kupata alama ambayo haijawahi kuwepo kwenye jiwe.

3. Maandishi na nakshi

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo picha nyingi zinapoharibika, na ndipo maarifa kidogo huzaa matunda mengi.

Herufi iliyochongwa kwenye jiwe haina rangi. Kinachotufanya tuione ni kivuli kilicho ndani ya mfereji wake. Mwanga ukitoka mbele, mfereji wote unajaa mwanga na herufi inatoweka. Mwanga ukitoka ubavuni, ukipita karibu sambamba na uso wa jiwe, hata mchubuko mdogo hutoa kivuli. Kwa hiyo ukuta unaotazama mashariki au magharibi una dakika zake: jua linapoanza kuupiga kwa ubavu, au linapokaribia kuuacha. Ule unaotazama mashariki uliousoma asubuhi ukadhani ni jiwe tupu, urudie karibu na saa sita mchana.

Mwanga utoke upande gani? Ukiweza kuchagua, utoke juu kushoto. Macho yetu yamezoea mwanga wa kutoka juu, na ukitoka chini, ubongo hugeuza picha: herufi zilizochimbwa huonekana zimeinuka, na sanamu zilizoinuka huonekana zimezama. Ukikuta picha ya namna hiyo, igeuze juu chini uone inavyojirekebisha.

Penye kivuli, na pale inaporuhusiwa, kioo kidogo cha mkononi au karatasi nyeupe inaweza kurusha mwanga wa jua ubavuni mwa jiwe. Mbinu hii ni ya zamani. Harry Burton, aliyepiga picha za uchimbaji wa kaburi la farao Tutankhamun kuanzia 1922, aliwahi kutumia vioo kuingiza jua ndani ya makaburi ya Misri. Ukiwa na mwenzako wa kushika tochi, weka kamera mahali pasipotikisika na upige picha kadhaa, tochi ikihamishwa kuzunguka jiwe kila mara. Kila picha itafichua kitu ambacho nyingine imekificha. Wazo hilohilo ndilo lililo nyuma ya mbinu ya kompyuta iliyobuniwa na Tom Malzbender na wenzake wa Hewlett-Packard na kutangazwa mwaka 2001, ambayo huunganisha picha za mianga mingi ili msomaji aweze kuhamisha mwanga kwenye skrini. Mwaka 2005 ilitumika, pamoja na eksirei, kusoma maandishi ya mtambo wa Antikythera, ule wa magurudumu ya meno uliotolewa kwenye meli iliyozama huko Ugiriki.

Usijaze herufi kwa chaki ili zisomeke. Usimwagie maji michoro ya mwambani ili rangi ikolee. Mambo haya yamefanywa sana na yameharibu sana: chaki hubaki vinyweleoni mwa jiwe, na maji huacha chumvi inayoubandua mchoro. Kwa michoro iliyofifia ipo programu ya DStretch ya Jon Harman, inayotenganisha rangi zinazokaribiana kwenye picha yenyewe bila kuugusa mwamba. Mapangoni hata pumzi yetu ina madhara. Pango la Lascaux huko Ufaransa, lililogunduliwa mwaka 1940, lilifungwa kwa umma mwaka 1963 kwa sababu hewa na unyevu wa wageni vilikuwa vimeanza kuotesha mwani ukutani. Pango likiruhusu dakika chache, piga haraka utoke.

4. Magofu na safari

Picha ya gofu inahitaji kipimo. Maxime Du Camp, aliyepiga picha Misri na Nubia kati ya 1849 na 1851, alimweka baharia wake Hajji Ishmael akae juu ya sanamu kubwa ya Abu Simbel, na hadi leo tunaiangalia picha ile tukajua sanamu ina ukubwa gani. Siku hizi hatukai juu ya sanamu, lakini mtu aliyesimama njiani, kwenye umbali uleule wa ukuta unaopigwa, anatosha. Kwa vitu vidogo weka rula, na iwe kwenye kina kilekile cha kitu. Rula iliyo mbele zaidi inakifanya kitu kionekane kidogo kuliko kilivyo.

Simamisha kamera wima. Ukiiinua kuelekea juu, kuta huegemea nyuma. Ni afadhali kurudi hatua kumi nyuma kuliko kuja kunyoosha baadaye. Kisha igeuzie gofu mgongo na upige kile ambacho wakazi wake walikuwa wakikiona: mto, bandari, bonde, njia ya misafara. Picha moja ya namna hiyo hueleza vizuri zaidi kwa nini mji ulijengwa pale kuliko kumi za kuta.

Ukitaka picha zako ziweze kutengenezewa modeli ya kompyuta, zunguka kitu polepole, kila picha ikirudia sehemu kubwa ya iliyotangulia, bila kubadilisha zumu. Sanamu za Buddha za Bamiyan, Afghanistan, zilipolipuliwa Machi 2001, watafiti wa chuo kikuu cha ETH Zurich, Uswisi, walijaribu kuijenga upya ile kubwa kwenye kompyuta kwa picha za aina mbalimbali: za mtandaoni, za watalii, na za vipimo zilizopigwa mwaka 1970. Hizi za mwisho ndizo zilizotoa modeli sahihi zaidi, kwa kuwa zilipigwa kwa utaratibu unaojulikana.

Watu wanaoishi, kuabudu au kufanya kazi mahali hapo waombwe ruhusa kabla, si baada. Droni ina sheria zake karibu kila nchi, na maeneo mengi ya urithi huikataza kabisa.

5. Mimea na wanyama njiani

Gofu na mazingira yake hayatengani. Huko Ta Prohm, Angkor, nchini Kambodia, mizizi ya miti imekumbatia kuta za hekalu kiasi kwamba huwezi kueleza kimoja bila kingine. Ukipiga mmea, piga jani juu na chini, ua, tunda na gamba la shina. Ua peke yake mara nyingi halitoshi kuutambua. Kuvu-mwani iliyoota juu ya jiwe usiikwangue ili jiwe lionekane safi. Inakua polepole mno, na ikibanduliwa huondoka na chembe za jiwe. Ndege aliye kwenye kiota mwache: picha ya ndege anayekukodolea macho kwa hofu ni picha ya ndege aliyesumbuliwa.

6. Ukikuta kitu ardhini

Kigae, shanga au mfupa uliofichuliwa na mvua upige hapohapo ulipo, usiuinue. Picha moja ya karibu ikiwa na kipimo, moja ya mita chache, moja ya mbali inayoonyesha mti au jiwe litakalomwongoza mtaalamu kurudi. Andika mahali. Halafu toa taarifa kwa mamlaka ya mambo ya kale ya nchi husika, na picha ya mahali usiitoe hadharani. Burton alipopiga vitu vya Tutankhamun viliwekewa kadi za namba palepale vilipokutwa kabla ya kuhamishwa, kwa sababu nafasi ya kitu na jirani zake ni nusu ya habari yake. Kitu kilichookotwa na kuletwa mezani kimepoteza nusu hiyo, hata kiwe kizuri namna gani.

7. Kutunza faili

Fanya jioni ileile, ungali unakumbuka. Taja kila folda kwa tarehe inayoanza na mwaka, kama 2024-05-17, ikifuatiwa na mahali, ili zijipange zenyewe. Weka nakala tatu, mojawapo nje ya nyumba yako. Faili halisi isiguswe. Marekebisho yafanyie nakala. Ukimtumia mwenzako kwa WhatsApp, itume kama hati na si kama picha, la sivyo itapunguzwa ukubwa na taarifa zilizomo ndani ya faili zitafutwa.

Kurekebisha mwangaza, kunyoosha na kukata kingo ni sawa. Kufuta ufa, kuondoa rula au kuiachia programu ijaze kipande kilichovunjika si sawa, hata kama picha inapendeza zaidi. Ukikoleza rangi ili mchoro uonekane, sema hivyo, na uweke picha asilia kando yake.

8. Maelezo chini ya picha

Hii ndiyo sehemu inayorukwa na wengi, nami naiona muhimu kuliko lenzi yoyote. Linganisha. Mtu anaweka picha na kuandika: "Jiwe la Rosetta, jiwe maarufu sana!" Mwingine anaandika hivi:

"Jiwe la Rosetta, British Museum, London, namba EA24. Granodioriti. Urefu sm 112.3, upana sm 75.7, unene sm 28.4. Amri ya mwaka 196 KK kwa hieroglifi, Kidemotiki na Kigiriki. Lilipatikana Rosetta (Rashid), Misri, 1799. Lipo makumbusho hayo tangu 1802. Hapa ni sehemu ya Kigiriki, pembe ya chini kulia. Imepigwa kupitia kioo. Mwangaza umepunguzwa, hakuna kingine kilichobadilishwa."

Sentensi tatu za mwisho ni zako peke yako. Nyingine umezitoa kwenye kibao ulichokipiga kwanza na kwenye orodha ya makumbusho. Tenganisha unachokijua na unachokidhani. Neno "labda" mbele ya tarehe ni heshima kwa msomaji.

9. Kabla hujaiweka hadharani

Ondoa alama za mahali kwenye picha za michoro isiyo na mlinzi, makaburi yasiyochimbwa, na wanyama au mimea iliyo hatarini. Wezi wa mambo ya kale na majangili hutazama picha kama sisi. Jina la nchi au mkoa linatosha. iNaturalist, tovuti ya kuwekea picha za mimea na wanyama, hufanya hivyo yenyewe kwa viumbe vilivyo hatarini, ikionyesha eneo pana badala ya nukta kamili.

Miili ya watu wa kale na vitu vitakatifu fikiria mara mbili. Yule aliyelala kwenye sanduku la kioo alizikwa na watu waliompenda, na huenda wazao wake wapo. Mimi sipigi sura zao. Napiga sanda, jeneza, au kibao.

Tamka leseni ya picha yako. Ukiiacha kimya, mwalimu mwaminifu ataogopa kuitumia. Leseni za Creative Commons ni rahisi kuzielewa, na Wikimedia Commons, hazina huria ya picha mtandaoni, inapokea picha za namna hii ili zitumike kokote. Picha ya mtu mwingine usiiweke bila ruhusa na jina lake.

Mtu akikuletea picha ya kitu alicho nacho akiuliza bei yake, usikadirie. Muulize kilitoka wapi na kama kina karatasi za kabla ya 1970, mwaka wa Mkataba wa UNESCO wa kuzuia biashara haramu ya mali za kitamaduni. Mwelekeze pia kwenye Orodha Nyekundu za ICOM (Baraza la Kimataifa la Makumbusho), zinazoonyesha aina za vitu vinavyoibwa zaidi.

Na picha ikishatoka, irudie. Msomaji akikuambia kwamba chungu ulichokiita cha Korintho ni cha Athene, mwombe aeleze anakitambuaje, kilinganishe na orodha ya makumbusho, kisha rekebisha maelezo yaliyo chini ya picha yenyewe, si kwenye majibu tu, ukiweka tarehe ya marekebisho. Badilisha pia kwenye folda yako, maana nakala hiyo ndiyo utakayoitoa tena mwaka ujao.